Nilienda Njombe kupanda misindano kwenye "ardhi tupu", nikakuta ina wenyewe

Wakuu, heshima kwenu wote.

Uzi huu sitafuti sifa wala siuzi kitu. Nayasema niliyoyaona mwenyewe, na mpaka naandika bado niko eneo la tukio. Kijiji sitakitaja. Ardhi yenyewe bado iko kwenye mizani, sitaki mtu aje kuiwahi.

Mnijue kidogo kwanza. Shule niliacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa sehemu moja. Tangu hapo nimepita Mbeya, Songea, Tunduru, Kilombero, nikichoma matofali, nikipakia mahindi, nikiwa utingo wa malori. Nina ugonjwa mmoja tu, kuuliza. Kitu nisichokielewa kinaninyima usingizi.

Basi, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja niliamka Makambako nikiwa sina plan yoyote. Nikabeba begi, nikatoka. Kwa asiyepajua, Makambako ni njia panda. Dar, Mbeya, Songea, zote unazishika pale. Kwa mtu wa aina yangu pale ni kama mlevi kupangishiwa chumba juu ya baa.

Pembeni ya barabara kulikuwa na Fuso linapakia miche ya misindano. Misindano ndiyo paina, ile miti ya mbao yenye majani kama sindano. Huku Njombe ndiyo akiba ya kila familia, mtu anasomesha watoto kwa miti. Mzee mmoja wa makamo, amevaa koti zito la baridi, alikuwa anawagombeza wapakiaji wasipasue viriba, vile vifuko vya miche.

Nikamuuliza, "Mzee, miche yote hii inaenda wapi?"

Akanipima toka kichwani mpaka kwenye kandambili. "Inaenda kupandwa. Na wewe unaenda wapi?"

"Sijajua bado."

"Basi panda gari. Asiyejua anakokwenda hawezi kuchelewa."

Ndivyo nilivyopata kibarua. Yule mzee ni Baba Oscar, na nasema mapema msije mkamchukia: ni mtu mwema.

Njiani akanieleza shida yake. Marehemu kaka yake aliacha mjane, Mama Neema, na kipande kikubwa cha ardhi mgongoni mwa kilima. Kijiji kilikuwa kimetangaza kwamba eneo lolote lisilo na matumizi litachukuliwa, wapewe wanaoweza kuliendeleza. Mwenyekiti na wajumbe wake wangepita wiki ileile kukagua.

"Ardhi ya kaka iko tupu kabisa," akasema. "Nyasi tu. Nikiijaza misindano hakuna atakayeigusa. Shemeji yangu atabaki na chake."

Nikaona jambo la heri mara mbili. Mjane anaokolewa, na mazingira yanatunzwa. Si tumeimbishwa tangu darasa la kwanza, ukikata mti panda mti?

Tukapita Njombe mjini, tukaacha lami. Huko ndani ni misindano na milingoti (mikaratusi) kila upande, imepangwa mistari kama wanafunzi asubuhi. Kisha ghafla miti ikaisha, mbele pakawa na kilima cha nyasi, mawingu yamekaa chini, upepo unazilaza na kuziinua. Kulikuwa na maua madogo ya njano na ya zambarau, mvua za kwanza zilikuwa zimeyaamsha.

"Unaona?" Baba Oscar akasema. "Tupu."

Na mimi niliona tupu, sitawadanganya.

Kesho yake tukaanza kuchimba mashimo ya miche kwa kufuata kamba. Tulikuwa bado hatujafika mbali nilipokuta shimo ambalo halikuchimbwa na mtu. Kubwa, mdomo wake umefunikwa na nyasi, linaingia chini kwa mshazari. Baba Oscar akasema ni la mhanga, yule mnyama wa usiku mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe, anachimba akitafuta mchwa halafu anahama, anaacha mashimo kila mahali. (Sasa nimeelewa watu wanaposema kujitoa mhanga. Mnyama anajenga nyumba, anawaachia wengine.)

"Lifukie," akaniambia. "Ng'ombe wanavunjikia miguu humo."

Nikanyanyua jembe. Kabla sijashusha, kitu kikapita karibu na sikio langu, fyuu! Ndege. Mwembamba, buluu iliyokolea inayong'aa kama mafuta yakimwagika kwenye maji, mkia mrefu umegawanyika kama nyuzi mbili. Akazunguka, akarudi, akanipita tena usoni.

Mnanijua sasa. Nikalala kifudifudi, nikawasha tochi ya simu, nikachungulia.

Ndani, ukutani mwa shimo, kulikuwa na kikombe cha udongo kilichobandikwa kwa ustadi, na juu yake vidomo vya njano vimeachama vinadai chakula. Wakuu, nimeona mbayuwayu wengi kwenye dari za shule na madaraja. Wa chini ya ardhi sikuwahi kumsikia.

Bado nimelala pale nikasikia sauti ya mwanamke kutoka bondeni. "We kijana! Ukilifukia hilo shimo chimba na la kwangu pembeni!"

Ndiyo Mama Neema huyo, anapanda kilima na jembe begani, gambuti miguuni, kasi utadhani kilima kinashuka.

Nikamsalimia "Kamwene" kwa Kibena changu cha kuokoteza. Akaitikia bila kuniangalia, macho yote kwa shemeji yake.

"Shemeji, nilikuambia usipande."

"Nakuokolea ardhi yako, shemeji. Au hao ndege wako wana kadi ya kura? Wajumbe wakija watakupigia kura?"

"Kadi si unayo wewe. Na chemchemi yako iko wapi?"

Baba Oscar akaanza kukunja kamba ambayo haikuwa na haja ya kukunjwa. Siku ile kazi ikaishia hapo.

Mimi nikabaki na hilo swali la chemchemi. Nikamfuata Mama Neema bondeni. Chini ya kile kilima cha nyasi maji yanatoka taratibu, na pale ndipo penye kinyungu chake, yaani bustani ya bondeni ambayo watu wa huku hulima kiangazi mvua zikiwa hazipo. Maharage mabichi, mboga, mahindi ya kuchoma. Mwezi wa kumi na moja, na udongo ulikuwa unanata kwenye vidole.

Nikamuuliza, "Mama, huko juu kwenye nyasi unapata nini hasa?"

"Wewe paa unaezeka kwa kitu gani? Ufagio unanunua? Uyoga huli?" Akacheka. "Na ng'ombe wangu nao wakale misindano? Watu wakiona hakuna mti wanasema hakuna kitu. Marehemu alikuwa anasema nyasi zile ni sponji. Mvua yote inaingia, halafu inatoka huku pole pole."

Kisha akanielekeza bonde la pili, la Baba Oscar. "Nenda ukaone, kwa kuwa una macho."

Nikaenda. Misindano imeshonana kutoka juu mpaka kwenye mkondo. Chini sindano kavu tu, hakuna jani, hakuna mdudu, kimya unasikia nguo zako zinavyogusana. Matuta ya kinyungu cha zamani bado yapo, unayakanyaga chini ya zile sindano. Jicho la chemchemi lilikuwa kidimbwi cha tope kilichokauka. Mvua inayonyesha bonde hili ndiyo hiyohiyo inayonyesha lile, ni kilima kimoja kinatenganisha.

Jioni tukiwa tunakula viazi nyumbani kwa Baba Oscar nikamuuliza, "Mzee, maji ya hapa nyumbani yanatekwa wapi?"

Mkewe akainama kucheka kwenye sufuria.

"Unauliza sana wewe," Baba Oscar akasema.

"Ndiyo ugonjwa wangu."

"Kwa shemeji." Akaweka kiazi chini. "Nilifikiri ni mvua zimepungua. Labda ni mvua. Labda ni miti. Lakini sikia. Nisipopanda, ardhi inachukuliwa. Ikichukuliwa, atakayepewa atapanda misindano siku hiyohiyo. Chemchemi itakufa vilevile, na shemeji hatakuwa hata na pa kusimama. Wewe uliyezunguka nchi, nifanyeje?"

Nilipanda juu kidogo penye mtandao nikamtafuta yule ndege kwenye simu. Nikamkuta: mbayuwayu wa buluu. Anazaliana kwenye nyasi za milimani kama hizi, kwenye mashimo ya mhanga, na yuko hatarini kwa sababu nyasi zenyewe zinageuzwa mashamba na misitu ya kupanda. Akimaliza kulea anaondoka, anaenda kukaa huko Uganda na pembeni mwa Ziwa Victoria, halafu anarudi kulekule alikozaliana. Mzururaji mwenzangu, ila yeye ana anwani.

Siku ya ukaguzi wakaja mwenyekiti na wajumbe wake. Miche yetu ilikuwa bado kivulini, haijapandwa, Baba Oscar alikuwa hajaamua. Mama Neema alisimama katikati ya nyasi zake, amejifunga kitenge kama anaenda kubeba zege.

"Mama Neema," mwenyekiti akasema, "hapa pana nini?"

"Pana nyasi."

Mjumbe mmoja akadakia, "Nyasi hata nyuma ya choo changu zipo!" Wakacheka wote.

Mwenyekiti hakucheka. "Mama, sina ugomvi na wewe. Lakini nimetangazia watu wote sheria moja. Eneo lisilo na matumizi linarudi kijijini. Nikisimama barabarani naona upepo tu. Nani yupo hapa?"

Watu wakamgeukia Baba Oscar, maana miche waliiona. Ilikuwa aseme tu kwamba kesho anapanda, mambo yaishe. Akakohoa.

"Yupo mtu."

"Nani?"

"Huyu." Akanishika bega. Mimi nikageuka nyuma kuangalia anayesemwa. "Tumemtoa Makambako. Atakata majani ya kuezekea, atayauza, na atalinda eneo. Anajenga kibanda, anahamia hapahapa."

"Mlinzi wa nyasi!" yule mjumbe akasema. "Huyo ulanzi umempanda kichwani." (Ulanzi ni pombe ya huku, ya mianzi.) Kicheko tena.

Mwenyekiti akanitazama. "Kijana, ni kweli?"

Wakuu, mimi sijawahi kumwambia mtu yeyote nitakuwa wapi mwezi ujao. Nilimwona Mama Neema amekaza mikono kwenye mpini wa jembe, haniangalii, kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni kweli, mzee."

"Unatoka wapi?"

"Huku na huku."

"Watu wa huku na huku huwa wanaondoka," akasema, bila ubaya. "Sawa. Kiangazi majani yakiiva nitapita. Nikikuta mtu na majani yamekatwa, ardhi ni ya mama. Nikikuta kibanda hakina mtu, asinijie mtu kulia."

Miche ile Baba Oscar aliihamishia kwenye shamba lake la mahindi karibu na barabara, ambako palishalimwa tangu zamani. Nguzo za kibanda changu alizitoa kwenye misindano yake mwenyewe, na paa tukaezeka kwa nyasi za mwaka jana zilizokuwa zimebaki kwa Mama Neema. Lile shimo tulilizungushia vijiti ili ng'ombe wakwepe. Jioni tulipomaliza, Mama Neema akaniletea mkeka, blanketi zito na sufuria, akapanga vitu mwenyewe, akasema, "Humu baridi itakufundisha adabu." Nikaingia. Sijawahi kuwa na mlango unaofungwa kwa ajili yangu.

Hayo yalikuwa mwezi wa kumi na moja. Sasa tuko mwezi wa pili. Wale vifaranga waliruka, nimewaona kwa macho yangu wakijifunza juu ya nyasi, wanapishana kama wendawazimu. Majani bado hayajaiva. Kila asubuhi Baba Oscar akipita njia ya chini anapiga kelele, "Upo?" Najibu, "Nipo!" Ni salamu ya kawaida kabisa ya Kiswahili, lakini huku kwetu ni kama kuitwa mahakamani.

Nilichojifunza: kupanda miti si kosa, nami bado napanda kwa kibarua. Ila kabla hujapanda, uliza pale palikuwa na nini. Neno "tupu" limewaponza wengi. Mara nyingi maana yake ni kwamba msemaji hajainama akachungulia.

Sasa naomba msaada wenu. Wanasheria na maafisa ardhi mliomo humu, je, Mama Neema anaweza kupata hati ya kimila kwa eneo la nyasi, likiwa nyasi hivyohivyo, bila kulima wala kupanda? Aanzie wapi? Na wana Njombe, Makete na Ludewa, kwenu huyu ndege bado mnamwona? Mnamwitaje?

Mwenye kunicheka kwa cheo cha mlinzi wa nyasi naye ruksa, nimeshazoea. Nitawajibu kila nikipanda juu penye mtandao.

Nipo.