Kisanduku Chetu na Edah Ayuma

Kosa lilikuwa letu, na afadhali niseme mapema kabla hamjaanza kumlaumu Edah kama tulivyomlaumu sisi. Mwaka wa 1993 kanisa letu dogo la Lurambi lilifanya harambee ya kununua chombo cha muziki. Mimi nilikuwa kwenye kamati, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mdomo mwepesi, na nilichangisha watu mpaka wakawa wakiniona barabarani wanakata kona na kupitia mahindini. Mwishowe kila nyumba ilitoa chochote, hata wale ambao huonekana kanisani Krismasi tu.

Chombo chenyewe kilikuwa kisanduku cheusi cha kubeba kwapani. Ulikiunganisha na kinanda kidogo upande mmoja na spika upande wa pili, na ndani yake mlikuwa na gita, tarumbeta, ngoma na sauti ya vile vinanda vikubwa vya makanisa ya wazungu. Ukicheza wimbo, kilikumbuka kila kidole ulichobonyeza, kisha kikauandika kwenye disketi. Hakikujua kazi nyingine yoyote duniani. Tulikinunulia jenereta ndogo ili kifike hata kule ambako stima haijafika, na siku ya kukiombea tulichinja kuku.

Kukitumia ndiyo ilikuwa taabu. Kilikuwa na kioo kisichozidi ukubwa wa kiberiti, na nyuma ya kila ukurasa wa kioo hicho palikuwa na kurasa nyingine kumi. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa kinene kuliko Biblia yangu. Mwalimu wa kwaya alikisoma siku mbili akaanza kuumwa na kichwa. Aliyekimaliza ni Edah Ayuma, msichana wa miaka ishirini na miwili niliyemfundisha darasa la saba, mtoto pekee wa Nanjala, mjane anayeshona sare za shule. Wiki tatu tu, na kisanduku kikawa kinamtii yeye peke yake.

Sasa, kwetu kitu cha harambee ni cha kila mtu, na kila mtu ana siku moja ambayo hakosi kukihitaji. Ukifiwa, unatuma mtu kwa kamati, na Jumamosi kisanduku kinafika kwako. Nani angekunyima, na wewe ulichanga? Kilienda Iguhu, kilienda Matungu kwa shemeji za watu, kilienda hadi Lumakanda. Na kisanduku hakina miguu. Kila kilikoenda, Edah alienda.

Lazima niseme alivyokuwa akicheza, maana bila hilo hamtaelewa. Kwenye mazishi yetu watu hupanga foleni kuuaga mwili, na hakuna ajuaye foleni itachukua muda gani. Edah hakuangalia vidole vyake. Aliangalia watu. Foleni ikiwa ndefu alirudia ubeti, na mama akiinamia jeneza asitake kuinuka, Edah alizima ngoma akashikilia sauti moja ya chini, akaishikilia tu, mpaka mashangazi wamwinue. Ndipo wimbo uliendelea kutoka pale pale ulipoachwa. Wapiga ngoma wetu wa isukuti wamefanya hivyo tangu zamani, lakini wao wako sita na hupokezana.

Miaka minne alicheza hivyo. Hakulipwa, alipewa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na shukrani nyingi sana. Kuna kijana wa Lumakanda, mkulima, aliyetuma watu wake mara mbili waje kwa Nanjala kuongea mambo ya ndoa. Mara zote mbili ilikuwa Jumamosi na Edah alikuwa matangani. Kijana akaoa kwingine. Tulimtania Edah kwamba ameolewa na kisanduku, na mimi nilicheka kuliko wote. Leo kicheko hicho kinaniuma.

Mwaka wa 1997 kaseti ya kwaya yetu ilifika Nairobi, mikononi mwa mwenye studio aitwaye Mike. Akamwandikia Edah barua. Alisema kompyuta yake mpya ya muziki huganda kila anapoifungulia ala tatu kwa pamoja, kwa hivyo amenunua visanduku maalumu vya kuibebea mzigo, na hana mtu anayevielewa. Alitaka Edah aje afanye kazi huko, kwa mshahara. Edah hakutoroka. Alileta barua hiyo kwa kamati, akaisoma akiwa amesimama, akaomba ruhusa.

Mwenyekiti wetu, Mzee Erastus, ni mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akikataa jambo. Hata siku hiyo hakukataa. "Penye wengi pana Mungu, mwanangu," alimwambia. "Na wengi ndio walinunua hiki chombo. Tafuta mtu wa kukushika mkono, harafu uende na baraka zetu." Mtu huyo hakuwepo, na kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alilijua hilo.

Kisha wawili wetu tulitumwa kwa Nanjala, na mmoja wa hao wawili ni mimi. Tulikunywa chai yake. Tulisifu cherehani yake. Halafu nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga njiani: "Mama Edah, hata wewe iko siku yako. Hiyo siku nani atakuchezea?" Kwetu huhitaji kueleza zaidi. Asiyezika wenzake hujizika, na sisi tulikuwa tunamwambia mjane kwamba mtoto wake akienda, tutahesabu kwamba ni yeye ameacha kuzika. Nanjala alitazama kikombe. Edah alikuwa jikoni, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa tope na nyufa.

Msichana huyo alijaribu njia moja ya haki. Kwa wiki mbili alijifungia na kisanduku akarekodi mazishi yote kwenye disketi moja, kuanzia wimbo wa kupokea mwili hadi wa kufunika kaburi, nyimbo zikifuatana kama ratiba ilivyo. Akamfundisha Cleophas, fundi wa viatu anayeimba besi, kubonyeza kibonyezo kimoja. Alhamisi akapanda basi la Nairobi kwenda kujaribiwa.

Jumamosi tulizika Iguhu. Marehemu alikuwa amewadunga sindano watu wa eneo lile kwa miaka thelathini, kwa hivyo foleni ilizunguka boma ikatoka hadi barabarani. Cleophas akabonyeza. Wimbo wa kuaga ulikuwa mtamu ajabu, na mimi mwenyewe nilifikiri, kumbe tunaweza bila yeye. Lakini Edah alikuwa ameukadiria robo saa. Robo saa ilipokwisha, mjane alikuwa ndiyo kwanza ameweka paji la uso juu ya kioo cha jeneza, na kisanduku, ambacho hakina macho, kikaingia wimbo wa kutoa shukrani, na tarumbeta zake zote na ngoma ya kuchezesha mabega. Vijana waliokuwa nyuma ya hema wakaanza kupiga makofi. Cleophas alibonyeza hapa na pale, sauti ikazidi. Mjane akainua kichwa akatutazama. Mwishowe Cleophas aling'oa waya.

Jumapili kamati ilikaa. Mmoja akasema asante ya punda ni mateke, na wote wakaitikia. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mmoja atusikilizie vilio vyetu sote. Ikaamuliwa Edah arudishwe, na kwa kuwa haitakuwa rahisi, aambiwe mama yake ni mgonjwa. Mimi nitumwe, maana ataniamini, nilimfundisha. Ningeweza kukataa. Nilisema sawa.

Studio ilikuwa ghorofani, kuta zimebandikwa trei za mayai. Edah alikaa katikati, kompyuta mkono huu na visanduku vyake mkono ule, na wanaume wanne wenye magita walikuwa wamesimama nyuma yake wakingoja aseme anza. Hakuna siku niliyowahi kuona watu wakimngoja Edah. Kwetu ni yeye aliyengoja watu. Mmoja wao akakosea, Edah akacheka kwa sauti, na nikatambua kwamba nimemjua tangu akiwa na miaka kumi na miwili na kicheko hicho sijawahi kukisikia. Alifurahi kuniona. Aliniagizia chai na kunivutia kiti.

Nikamwambia mama yake ni mgonjwa.

Aliuliza ni nini, nikasema kifua. Aliuliza tangu lini, nikasema Ijumaa, halafu nikasema Jumamosi. Akapunguza spika mpaka zikanyamaza.

"Mama hajagonjeka, mwalimu," akasema taratibu. "Wewe hujuanga kudanganya. Lakini siku moja atagonjeka kweli, na ni mikononi mwenu atakuwa, si mwangu."

Nilitaka kumwambia abaki. Naapa maneno yalifika mdomoni. Nikamfikiria Mzee Erastus na kamati nzima wakiningoja, nikayameza pamoja na chai. Edah akakunja nguo zake tatu ndani ya mfuko. Mike alimwahidi kumwekea nafasi wiki mbili, na akaiweka wiki mbili kamili, halafu akapata mtu mwingine.

Edah aliomba msamaha mbele ya kanisa zima. Mjane wa Iguhu, ambaye ndiye aliyekosewa, alimkumbatia na kumwambia hana neno naye. Sisi wengine tulichukua muda zaidi. Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya kinanda, akiangalia foleni.

Miaka miwili ikapita. Binti yangu Abigail alikuwa amefika miaka kumi na minne, na ana vidole ambavyo sijui vilitoka ukoo gani, maana si wangu. Wimbo akiusikia mara moja anao. Kamati ikafurahi. Mzee Erastus akasema Mungu amejibu, Edah apewe msichana huyo amfundishe, wapokezane. Nilimpeleka mwenyewe Ijumaa mchana, nikijivuna kidogo, siwezi kuficha.

Abigail alikaa akacheza. Edah alisikiliza mpaka mwisho, macho chini. Alimsifu, kisha akamwomba akamsaidie Nanjala kuanua nguo. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto unampenda?"

Nikamjibu nitaachaje kumpenda mtoto wangu.

"Basi asikigusange tena."

Sikumwuliza kwa nini. Nilienda nje nikamshika Abigail mkono, tukatoka kwa mwendo wa haraka hata sikumuaga Nanjala. Jumapili nikasimama mbele ya kamati nikasema binti yangu hana sikio la muziki. Edah alikuwa ameketi palepale. Mzee Erastus alimgeukia kumwuliza kama ni kweli, naye akasema ni kweli, hana kabisa. Halafu akauliza mazishi ya Jumamosi inayokuja ni kwa nani, wakamwambia ni kwa watu wawili, mmoja asubuhi na mmoja alasiri.