Ua Jekundu Kwenye Ubao wa Kapteni

Nabintu aliingia karakana ya Saverio, pale mteremkoni Lubaga, Kampala, amevaa viatu vyake vya kanisani, nikajua hakuja kunisaidia kupika. Mimi ndiye niliyewapikia mafundi wa pale posho, ugali wetu wa mahindi, na maharage. Yeye alikuwa jirani yangu Bwaise, mwanamke wa Bukavu kule Kongo, mrefu, mwenye maringo ambayo hata mafuriko ya mtaa wetu hayakuweza kuyaosha.

Zamani, sukari ilipokuwa bado ni kitu cha kawaida, maharusi wengi wa kanisa kuu la Lubaga walikata keki za Nabintu. Alikunja karatasi ya mafuta ikawa koni, akajaza sukari laini ya rangi, akachora mistari na maua kuizunguka keki bila rula na, ukimtazama vizuri, bila kupumua. Kisha Wahindi wenye maduka wakafukuzwa nchini, rafu zikabaki na vumbi, na sukari tukaanza kuwasimulia watoto. Nabintu akaishia kukaanga kabalagala, viandazi vya ndizi, kando ya barabara ya Bombo. Hakulalamika, lakini niliona alivyokuwa akiitazama mikono yake jioni, na iliniuma.

Saverio naye alikuwa na balaa lake. Alikuwa fundi wa faibaglasi, mtu wa kuziba boti na bodi za magari. Kapteni mmoja wa jeshi aliyekaa Mbuya alijitengenezea nyumbani ubao wa kuteleza majini, asimame juu yake huku motaboti ikimvuta ziwani. Aliuchonga kwa povu gumu la friji bovu, na haki yake nimpe, hakuchonga vibaya. Saverio akauvika faibaglasi, juu buluu, chini nyeupe. Tatizo lilikuwa pale rangi mbili zilipokutana: mpaka ulikuwa umepindapinda kama ukingo wa chapati ya mwanafunzi. Dawa yake ni mstari mwembamba wa rezini ya rangi, utomvu ule unaogandisha faibaglasi, uzunguke ubao wote na kuifunika ile aibu. Kwa kawaida mafundi hubandika utepe wa gundi pande mbili, wakapitisha rezini katikati. Utepe haukuwepo Kampala nzima, hata kwa magendo. Saverio akajaribu kwa mkono mtupu kwenye kipande cha bati, ukatoka mstari wa mlevi anayetafuta kwake. Na Kapteni hakuwa mtu wa kuambiwa rudi wiki ijayo.

Mimi ndiye niliyemtaja Nabintu. Saverio alicheka sana: keki na boti wapi na wapi? Alipomaliza kucheka, shida yake ilikuwa pale pale, basi wakapatana. Ubao ukitoka vizuri, Nabintu atapewa meza yake pale karakana, awe fundi kama mafundi wengine. Ukiharibika, arudi kwenye kabalagala zake.

Siku ile ya viatu vya kanisani, Nabintu alichovya kijiti kwenye rezini, akakiinua, akakunja uso. Nyepesi mno, alisema, itakimbia. Akamfanya Saverio aongeze poda ya kuikazia, na aongeze tena, mpaka rezini ikasimama kwenye kijiti. Dawa ya kugandisha ilipotiwa, akajaza koni yake ya karatasi, akakata ncha kwa mkasi, akaanza kwenye pua ya ubao. Alirudi kinyumenyume, kiuno kimeinama, na uzi mwekundu ukamfuata bila kutikisika hata kidogo. Nyundo zikanyamaza. Saverio alisahau kufunga mdomo. Nilitamani kupiga vigelegele, nikajizuia nisije nikamshtua.

Mstari ukazunguka, ukarudi puani, ncha mbili zikakutana. Hapo ndipo mazoea yalipomponza. Kwenye keki, mpambaji huchovya kidole majini akalainisha kiungo. Nabintu akachovya kidole kwenye bakuli langu la kunawia, akagusa. Rezini na maji havipatani. Pakageuka weupe wa maziwa, doa la ukubwa wa kidole gumba, mbele kabisa ya ubao, pahali ambapo Kapteni angepaona kabla hajashuka garini.

Saverio alishika kichwa. Alisema tumekwisha, na hakuwa akizungumzia kazi. Miaka ile watu walichukuliwa na wanajeshi kwa makosa madogo kuliko hilo, na wake zao wakabaki kuuliza mlango hadi mlango.

Nabintu aliomba wembe. Akakwangua weupe wote, akapafuta kwa kitambaa kikavu, akaibana ncha ya koni. Rezini ilikuwa imeanza kukaza, na hilo likamfaa. Pale palipokuwa na doa akaweka ua, petali moja baada ya nyingine, lile lile la harusi za Lubaga. Kisha akanipa bakuli langu, akaniambia nikayamwage yale maji mbali.

Kapteni alikuja rezini ikiwa imeshakuwa ngumu. Hakusalimu. Alianza nyuma ya ubao, akapitisha kidole juu ya mstari, taratibu, upande mzima, mpaka kidole kikafika kwenye ua. Kikasimama.

"Hii iko nini?"

Saverio aliutazama mlango.

"Ni maua, Afande," Nabintu alisema. "Ni mimi niliiweka."

Kapteni akainama. Akautazama ubao kutoka puani, akaenda kuutazama kutoka mkiani, akarudi.

"Moja peke yake inaonekana kama makosa," alisema. "Weka ingine huku nyuma."

Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa mimi nililazimika kuinamia sufuria yangu. Nabintu alijifuta mikono kwenye kitenge, akamgeukia Saverio hapo hapo mbele ya Kapteni, kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi.

"Basi, patron, unionyeshe meza yangu iko wapi, nianze."

Saverio akaenda kwenye meza ya dirishani, ile yenye mwanga, akaanza kuondoa nyundo zake mwenyewe.