Siku Pikapu Ilipopiga Honi Ainabkoi

Mume wangu alipouza lori, alikaa siku nzima bila kula. Nilimwambia, "Mzee, kula, hakuna mtu amekufa." Akanitazama kama kwamba amekufa mtu na muuaji ni mimi. Ni kweli mimi ndiye niliyesema iuzwe, na ningesema tena. Lori ile ilikuwa imetushinda. Ilikunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka kiangazi, na ikiharibika, fundi hatoki chini yake mpaka tubaki mikono mitupu. Mara ya mwisho ilitulalia njiani, pale Plateau, viazi vya watu viko juu na mvua inanyesha. Nikasema basi, imetosha.

Tukanunua pikapu ndogo nyeupe, ya mkono wa pili. Mafuta ilikuwa inanusa tu. Mimi niliipenda papo hapo. Yeye aliizunguka, akagonga boneti kwa kidole, akauliza, "Hapa miguu yangu nitaiweka wapi?"

Shida haikuwa miguu. Mume wangu alikuwa akiitwa Mzee wa Lori kutoka Munyaka, tulikokaa, mpaka Ainabkoi, tulikonunua viazi vya kuuza sokoni Eldoret. Honi ya lori ilisikika kabla yenyewe haijaonekana, na akina mama wakaanza kutoa magunia hadi barabarani. Sasa aliogopa kwamba wakimwona na hako kapikapu watampa mgongo, viazi wampe mwenye lori mwingine. Hakuniambia hivyo. Wanaume wa kwetu wasema wanaogopa lini? Alisema tu, "Kesho twende wote." Hapo nikajua.

Tulifika Ainabkoi asubuhi, umande bado uko kwa nyasi. Akapiga honi. Pii! Sauti ya kifaranga. Hakutoka mtu. Akapiga tena. Nikaona mlango mmoja ukifungwa, kisha mwingine, na mama mmoja akavuka shamba mbio amekumbatia sufuria. Barabarani tukabaki sisi na mbwa.

"Umeona?" akasema, mikono iko kwa usukani, hanitazami. "Wamenikataa."

Aki nilimhurumia mpaka nikakasirika. Nikashuka, nikaingia kwa mama mmoja mzee, mjane, ambaye tulikuwa tukinunua kwake tangu zamani. Nikamkuta jikoni ameketi juu ya mtungi, sketi ameitandaza pande zote. Harufu ya pombe ya busaa imejaa mpaka kwa paa.

"Mama, unaatamia nini?"

Akanikazia macho. "Ni wewe? Na hao askari wako wapi?"

"Askari gani?"

"Si hiyo ni pikapu ya chifu! Nani mwingine anatupigia honi na gari nyeupe asubuhi yote hii?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku hizo, pikapu nyeupe ikiingia kijijini ilikuwa ni mambo mawili: askari wa chifu wanatafuta pombe, au watu wa chama tawala wamekuja kuuza kadi kwa nguvu. Na sisi, kwa akili zetu, tukaenda tukanunua hiyo hiyo!

Nikamweleza kwamba lori tumeuza, kwamba aliye nje ni Mzee wangu, na sasa anafikiri wamemkataa. Mama akainuka juu ya mtungi wake, akatoka hadi kwenye ua na kuita majirani. Milango ikafunguka. Walikuja wakicheka, wengine bado wana unga wa busaa mikononi, wakaizunguka pikapu na kuipigapiga mgongo. Mume wangu hakushuka. Alifungua dirisha kidogo, akauliza kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake:

"Sasa mtanipatia viazi, na sina lori?"

Yule mama mzee akapiga makofi kwa mshangao.

"Woi, Mzee! Bwana yangu alipokufa, ni lori ilikuja kuchimba kaburi, ama ni wewe?"

Mume wangu alifungua mlango, akashuka, akaushika mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili, na hakuuachilia haraka. Mimi nikaenda kuangalia magunia, maana machozi yalikuwa yamenijia na sikutaka anione.