Muuguzi wa Kashuga
Muuguzi wa kituo cha afya cha Kashuga husugua viganja vipate joto ndipo amguse mgonjwa, na sauti yake haipandi hata benchi likijaa. Solange, mjamzito aliyekuwa amekimbilia kambi ya wakimbizi ya hapo, alisema anaumwa kichwa. Alitaka vidonge aondoke. Muuguzi alimshika mkono.

“Kichwa tu njo imekuleta huku, mama?”

Kisha akanyamaza. Solange aliweka kiganja tumboni.

“Mutoto hachezi tena tangu jana.”

Muuguzi alimlaza, akamsikiliza tumbo, macho kayafumba.

“Moyo yake inapiga, lakini inachoka. Tunaenda ku hospitali sasa.”

Wakapanda pikipiki pamoja. Jioni mtoto alizaliwa kwa upasuaji, akalia. Majirani walipouliza alipewa dawa gani kituoni, Solange alijibu, “Hakunipa dawa. Aliniuliza, akangoja.”