Tapika, Mama, Itoke Yote

Binti yangu akisema "nimeshiba", mimi simuamini. Wamama wa avenue yetu wananicheka. "Sisi tunalia watoto hawashibi, weye unalia wako ameshiba!" Wacheke. Neno hilo nililisema mimi miaka mingi huku tumbo linanguruma kama lori la muchanga linalopanda kilima cha Munigi, na hakuna aliyesikia.

Mutoto huyu alikuwa wa kukwangua sufuria. Alikuwa anagombana na kaka zake kwa ile bugali iliyoshika chini, ile kavu yenye harufu ya moto. Kisha mvua zilipoanza, akabadilika, na alibadilika kwa njia ambayo kila mutu aliisifu. Akaanza kupika yeye. Akaanza kupakulia wote, anajaza sahani ya baba yake, anajaza ya kaka zake, anasema "ongeza, ongeza", anasimama pale na mwiko kama mama wa harusi. Mume wangu akaniambia, "Unaona? Amekuwa mwanamuke." Mimi nikatazama sahani yake. Bugali ilikuwa imekatwakatwa, imesukumwa huku na huku, sombe, yale majani ya muhogo, imepakwa pembeni ili ionekane imeliwa. Hakuna kilichopungua.

Alianza kuvaa triko nzito ya baridi hata jua likiwaka. Alisema amekula kwa masomo, kule shule, kumbe kule anasema amekula nyumbani. Kisha nikasikia anaimba chooni. Choo chetu ni cha mbao, kimejengwa juu ya mawe ya volkano nyuma ya nyumba, na hakuna mutu mwenye akili anayekaa mule kwa furaha. Yeye alikuwa anaenda kila baada ya kula, na kopo la maji, na akifika anaanza nyimbo za korale ya kanisa kwa sauti ya juu. Nani anaimba chooni? Mimi, zamani zangu, nilikuwa namwaga maji kwa beseni. Yeye anaimba. Kazi ni moja: mutu aliye nje asisikie.

Nilijua. Lakini kujua na kusema ni vitu viwili, na nilikaa na ile kitu kifuani kama mufupa wa samaki.

Mimi nilifika Goma nikiwa karibu na umri wake, nimetoka Masisi kwa miguu, vita vilipotutoa. Mama alikuwa amekufa, na baba alinipeleka kwa dada yake akasema atarudi. Hakurudi. Masomo nilikuwa nimeyaacha katikati ya shule ya primaire, kwa hiyo kwa ile nyumba sikuwa na kitu cha kunisifia. Wengi wakisikia habari yangu wanangoja niseme kwamba shangazi alinipiga. Hakunipiga hata kofi. Alinitazama. Nikipeleka mukono kwenye sahani, macho yake yanafuata mukono. Nikiupeleka mudomoni, macho yanafika mudomoni. Wageni wakija, anasema, "Huyu mutoto wa kaka yangu, akiketi tu, sufuria linaanza kutetemeka." Watu wanacheka. Na mimi nacheka.

Basi nikaacha. Kwanza nikaacha nyama, kisha nikaacha chakula cha jioni. Na siku moja nikamusikia shangazi anamwambia jirani, "Huyu anajua kujizuia. Si kama hawa wangu." Ilikuwa sifa yangu ya kwanza ndani ya nyumba ile. Sifa ile ilinishibisha kuliko maharagi. Nikawa naitafuta kila siku, na hata ilipokwisha kutajwa niliendelea, maana sasa nilikuwa na kitu ambacho ni changu peke yangu, na hakuna mutu angeweza kunihesabia.

Njaa nayo si mujinga. Kuna siku ilinishinda, nikala bugali ya baridi yote, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ambazo hazijakaangwa vizuri, na mukono haukutaka kusimama. Baadaye haya. Kisha kuacha tena. Nikakonda. Vidole vikawa baridi hata karibu na moto, nywele zikabaki kwenye kitana, na damu ya mwezi ikakatika. Ningesema ni ugonjwa wa kichwa na moyo, nani angenielewa? Kwetu mutu akikonda huku chakula kipo, jibu liko tayari kabla ya swali: ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo kila mutu wa Kivu anaijua, ingawa hakuna aliyeiona.

Shangazi aliniketisha kwa mukeka wa wageni na akauliza mbele ya majirani, "Ulikula kwa nani?" Alijijibu mwenyewe. "Yule mama wa mikate pale kona! Siku ile si alimupa mukate bure? Nani anatoa mukate bure Goma hii?" Wote wakaitikia, eh, nani anatoa bure.

Wakanipeleka upande wa Lac Vert, kwenye barabara ya Sake, kwa muzee mumoja wa dawa za miti. Alikuwa amevaa koti la veste na kofia, safi kama mutu anayeenda misa. Alinipa kikombe cha kitu cha kijani, akaweka beseni chini yangu. Shangazi alinishika mugongo. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nifike kwake, aliniita mama, vile mutu anavyomwita mutoto anayemupenda. "Tapika, mama. Tapika, itoke yote."

Ilitoka. Muzee akachokoa kwa kijiti, akainua kitu kidogo cheusi. "Ile hapa." Nilikiona. Lilikuwa ganda la haragi. Lakini shangazi alikuwa analia kwa furaha, na kwenye pikipiki wakati wa kurudi alinikumbatia njia yote, na nyumbani watoto wake waliniletea kiti. Ungekuwa weye, ungesema ni ganda la haragi?

Yule mama wa mikate walimurushia mawe juu ya mabati hadi akahama. Na mimi nilikuwa nimefundishwa: kwamba kitu kikiingia kinaweza kutolewa, na kwamba kikitoka watu wanakupenda. Sitaandika vile nilivyoendelea. Wanaojua wanajua, na wasiojua wasijifunze kwangu. Nitasema tu kwamba sikuhitaji tena kikombe cha muzee. Walionikosea ninawataja: shangazi ni wa kwanza, na muzee wa veste ni wa pili.

Niliolewa hivyo, nikazaa hivyo. Mume wangu, kila akinisikia natapika, anafurahi, anaanza kutafuta jina la mutoto. Meno yakaoza moja baada ya lingine, mashavu yakavimba chini ya masikio, watu wakasema, "Ndoa imemunenepesha!" Koo linaungua. Moyo unaruka hatua kama mutu anayevuka mawe. Siku moja Kituku, mahali ninapouza sambaza, nikaanguka katikati ya mabeseni. Nilisikia wamama juu ya kichwa changu. Mumoja anapiga kelele, "Karuho!" Mwingine, "Wapi karuho, hiyo ni mimba!" Wa tatu anasema, "Tuondoe kwanza samaki zangu, anazilalia."

Walinibeba hadi kituo cha afya. Munganga pale alikuwa mwanamuke munene, mwenye sauti ya soko. Alinitia serumu kwa mushipa, akaangalia meno yangu, akafukuza watu wote nje, kisha akauliza kama mutu anayeuliza saa, "Mama, unajitapisha?"

Nilimuchukia palepale. Mutu anayejua siri yako bila kuambiwa, unamushuku: nani alimutuma? Nikasema hapana. Akasema, "Sawa," akavuta kiti, akaketi. Hakuondoka.

Nilichukua muda murefu kupona, na nilianguka tena njiani, zaidi ya mara moja. Alinieleza kwamba chumvi za damu zinazosukuma moyo zilikuwa zimetoka na matapishi, ndiyo maana nilianguka. Dawa yake haikuwa ya kikombe. Kula kwa saa, hata kidogo, na mutu pembeni. Baada ya kula kukaa, kufanya kazi ya mikono, hadi ile hamu ipite. Kila wiki kuketi na mama mumoja wa pale, kazi yake ni kuzungumza na watu, na kusema kila kitu. Nilimuuliza munganga ugonjwa huu unatoka wapi. Akasema hautoki mahali pamoja: kuna mwili uliozaliwa nao, kuna kukimbia vita, kuna maneno, kuna haya. Nikamwambia, "Andika na shangazi."

Akacheka. "Shangazi peke yake hatoshi, mama."

Labda. Lakini sehemu yake ni kubwa, na mimi sitampunguzia.

Sasa shangazi ni muzee, anatembea na fimbo, lakini macho ni yaleyale. Alikuja kutusalimia Jumamosi moja, binti akamumiminia chai, na macho yakafuata mukono. Niliyaona.

"Mikono ya huyu mutoto imekonda namna gani hii?" akauliza. Kisha akaweka kikombe chini bila kunywa. "Walimupa karuho."

Akarudi Jumamosi iliyofuata. Ndani ya kikapu alikuwa na chupa ya maji, na ndani ya chupa kitu cha kijani. Muzee wa veste alikwisha kufa, mutoto wake ndiye anaendesha kazi.

"Nimemuletea dawa," akasema. "Ile ile iliyokuponyesha."

"Haikuniponyesha, shangazi."

"Si uko hai? Ungekufa, ungenijibu kwa mudomo gani?"

"Kwa huu huu usio na meno."

"Meno ni pipi. Nilikukataza pipi." Akasogeza kiti. "Na aliyemupa ninamujua. Ni yule fundi anayeshonea korale. Wanakula kwake kila wakipima nguo."

Fundi yule mimi pia nilikuwa nimemuwekea macho. Kabla mvua hazijaanza, alipowapima wasichana kwa sare ya harusi, aliwapima mbele ya wote, na alipofika kwa wangu alipiga kelele, "Huyu muongezeeni kitambaa, la sivyo mushono utalia!" Korale yote ilicheka. Binti yangu pia, waliniambia, alicheka. Basi kwa mara ya kwanza maishani, shangazi na mimi tulikuwa tunamushuku mutu mumoja, na kidogo mudomo wangu uitikie. Nikakumbuka mawe juu ya mabati.

"Yule ana mudomo mubaya," nikasema. "Sumu hana. Na jina lake usilitaje nje ya nyumba hii."

Hapo pazia la chumba likafunguka. Binti alikuwa amesimama nyuma yake muda wote.

"Mama," akasema, "acha ninywe."

Shangazi akapiga mapaja. "Unaona? Mugonjwa mwenyewe anaomba!"

Mimi nilikuwa namutazama binti. Mutoto anayeogopa sumu angekuwa analia, angeuliza kama atakufa. Wangu alikuwa anaangalia ile chupa kama mutu mwenye kiu. Alikuwa amepata njia ya kufanya mbele ya watu wote, kwa ruhusa, huku anashikwa mugongo, kile anachofanya kwa kujificha na nyimbo. Akionja hiyo ruhusa, nilijua nitamukosa. Nilijua kwa sababu mimi nilikosekana hivyo.

Nikauliza vile nilivyoulizwa. "Mama, unajitapisha?"

"Swali gani hilo la kumuuliza mutoto!" shangazi akasema.

Binti akaangalia chini. Kisha akasema polepole, "Nani alikuambia?"

Hakusema hapana.

Nilichukua chupa kutoka kwa kikapu, nikatoka nje, nikaimwaga juu ya mawe. Shangazi alinifuata na fimbo, anapiga kelele hadi majirani wakatoka: "Akikufa ni weye! Mumesikia wote? Akikufa ni yeye mama yake!" Nilirudi ndani, nikafungua mudomo mbele ya binti, nikavuta shavu kwa kidole aone hadi nyuma. Sikuwahi kumuonyesha. "Hii ndiyo dawa ya shangazi," nikasema. Aliangalia muda murefu. Kisha akaanza kulia, na nilimuacha alie.

Jumatatu nilimupeleka kituo cha afya. Munganga munene bado yupo, sasa ana miwani. Alimupima uzito na mugongo umegeuzwa, asione namba, akasikiliza moyo, akatoa damu. Akasema tumekuja mapema. Nilimuuliza mapema ni lini. Akasema, "Mapema ni leo. Usianze kunishuku tena."

Sasa tunakula sahani moja, mimi na yeye. Kwetu anayeleta chakula anaonja kwanza, mugeni aone hakuna sumu, na mimi naonja mbele ya mutoto wangu niliyemuzaa. "Mama, unaonja juu ya nini?" ananiuliza. "Unadhani nakuogopa weye?" Namwambia haniogopi mimi, anaogopa sahani. Siku nyingine anakula vizuri. Siku nyingine tonge moja inazunguka mudomoni hadi chai inapoa, na mimi nangoja, na baba yake amejifunza kunyamaza.

Baada ya kula tunachagua sambaza pamoja, mikono yote ndani ya beseni moja. Jana alisimama kabla hatujamaliza.

"Naenda kwa choo."

"Nenda. Lakini usiimbe."

Alinitazama, akaenda. Mimi niliacha samaki, nikasikiliza. Radio ya jirani. Kuku. Mulango wa mbao. Alirudi, akaketi, akaingiza mikono ndani ya beseni. Niliangalia macho yake, kama yana maji. Niliangalia vidole.

"Umemaliza kunichunguza?" akasema.

"Bado," nikasema, nikamusogezea beseni.