Unga wa Mahamri Juu ya Pistoni

Awadh Badi alikuwa akisema kwamba mlima mrefu kuliko yote duniani uko Mnarani, ng'ambo ya Kilifi. Ukiupima kwa miguu haufiki hatua mia mbili. Ni kile kilima ambacho gari hukipanda likishuka kwenye feri kuelekea Mombasa. Mwaka 1982 Pijo yake ilichemka hapo ikazima, na kwenye kiti cha nyuma alikuwamo binti yake Shekha, akiwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Watu wakaisukuma hadi juu. Ikatiwa maji, ikagoma. Lori lililowaokoa lilichelewa kwa saa tatu. Awadh alizika mjukuu ambaye hakuwahi kulia, kisha akarudi kuivuta Pijo yake kutoka kando ya barabara. Siku hiyo aliapa kwamba gari lake halitasukumwa tena na mkono wa mtu.

Alikuwa fundi wa magari mtaa wa Shella, Malindi, kwa miaka ishirini na sita. Nilimjua kwa sababu sikuwahi kufika mji huo na gari zima.

Shekha alipopata mimba ya pili alirudi kwao kuzaa, kama ilivyo ada. Mkunga alimpima akasema nyonga zake ni nyembamba: uchungu ukianza tu, apelekwe Mombasa kwa daktari wa kupasua. Mombasa hawakuwa na ndugu wa kumweka kusubiri siku zake. Kwa hiyo kila kitu kilirudi kwenye kile kilima na ile injini.

Kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita hedi, kilikuwa kimepinda tangu siku ile ilipochemka. Mashine ya kukisawazisha ilikuwa Mombasa, na foleni yake ilikuwa ya mwezi mzima. Awadh hakuwa na mwezi. Aling'oa kioo cha kabati la Mahfudha, mkewe, kioo kinene alichokuja nacho harusini, akakilaza mezani, akabandika msasa, akamwaga mafuta ya taa, akaanza kukisugua kichwa kile juu yake. Nimeona kazi hiyo Asmara, Karachi na Napoli, na kila mahali kuna kioo kilichotoka chumbani kwa mwanamke.

Angeweza kuacha kichwa kiliponyooka. Lakini yeye alitaka nguvu. Alitaka injini ibane hewa na petroli katika nafasi ndogo zaidi kabla ya kuwasha, kutoka mara saba hadi mara nane na nusu, ili kilima cha Mnarani kipandwe bila kuombwa. Alipima nafasi ile kwa bomba la sindano na mafuta ya taa, akapunguza, akapima tena. Alisugua siku kumi na tisa, kumi kati ya hizo akiwa amefunga, maana Ramadhani ilikwisha ingia. Ngozi ya viganja ilimtoka.

Hatari ya kazi hiyo ni moja. Kichwa kikikatwa sana, valvu, vile vilango vya hewa na moshi, zinazoshuka hukutana na pistoni zinazopanda, na injini hujivunja yenyewe. Awadh alitaka uwazi wa milimita mbili, na aliupima kwa njia aliyofundishwa na mwalimu wake: unaweka kitu laini juu ya pistoni, unafunga kichwa, unaizungusha injini kwa mkono, unafungua, unapima unene uliobaki. Mwalimu wake alitumia nta ya mshumaa. Awadh hakuwa na nta siku hiyo, akaingia jikoni akakata donge la unga wa mahamri uliokwisha kandwa.

Mahfudha alimwuliza unga wake wa mahamri unakwenda kupima nini huko nje. Fondo, mwenziwe wa kazi kutoka kijiji cha Ganda, asiyefunga, ndiye aliyejibu.

"Mama, gari lenu limeshindwa na saumu. Linafuturu kabla ya adhana."

Awadh hakucheka. Aliweka unga, akafunga, akazungusha, akafungua. Hapo adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akaenda msikitini. Aliporudi alipima: milimita mbili na nusu. Akashusha pumzi, akaifunga injini kwa gasketi mpya, karatasi nene ya kuziba kati ya kichwa na mwili wa injini, ya pekee aliyokuwa nayo. Pijo iliwaka kwa jaribio la kwanza, sauti yake kavu na nzito, na Fondo akasema sasa itapanda hata minazi.

Magharibi walifuturu. Kando ya sinia kilikuwapo kibonge cha unga alichokibakisha bila kukitumia. Alikuwa amekiacha bapa kama shilingi; sasa kilikuwa kinene kama kidole. Awadh alikitazama huku tende ikiwa mdomoni. Hamira. Unga aliouacha juu ya pistoni ulikuwa umeumuka wakati yeye akisali. Uwazi wake haukuwa milimita mbili na nusu. Pengine ulikuwa milimita moja, pengine pungufu.

Injini ikizunguka polepole, moja ingetosha. Ikizunguka mbio, springi huchelewa kuzirudisha valvu, na moja haitoshi. Kuifungua kulitaka gasketi nyingine, maana iliyokwisha banwa haifungi tena. Alimtuma mtu aende kuinunua Mombasa kwa basi la alfajiri.

Saa mbili asubuhi, mtu yule akiwa bado hajarudi, Shekha alishikwa na uchungu. Teksi za stendi zilikwisha ondoka. Wakampakia kwenye Pijo, Mahfudha kando yake na Fondo mbele, na Awadh akaendesha hadi Kilifi kama mtu aliyebeba mayai. Walipanda feri. Walishuka Mnarani, na mvua ilikuwa imelowesha kilima.

Aliingiza gia ya kwanza. Theluthi ya njia Pijo ililemewa, akakanyaga kidogo, na chini ya sauti ya injini akasikia mgongano mdogo, kama ukucha ukigonga kikombe. Tik. Halafu mwingine. Akazima.

"Baba, mbona umezima?" Shekha alisema.

"Nimekosea kipimo, mwanangu."

Mikono yake haikutoka kwenye usukani. Nyuma magari yalipiga honi. Mahfudha alianza kusoma dua, akaipoteza katikati, akaianza upya. Fondo alikwisha shuka. Aliinama dirishani.

"Mzee, kiapo ni chako, si chetu. Toa breki."

Awadh alitoa kichwa nje, akawaambia watu waliokuwa wakishuka feri, kwa sauti ambayo Fondo alisema hakuwahi kuisikia kwake: "Jamaa zangu, nisukumieni. Nina mgonjwa." Walikuja wachukuzi, mwuza korosho, mama mmoja aliyetua kapu lake la maembe matopeni. Wakasukuma hatua mia na kidogo. Juu, palipo tambarare, aliwasha tena, akaenda Mombasa polepole mno, hata mabasi yakampita.

Mtoto alitolewa kwa kisu saa saba mchana, msichana, akilia.

Baadaye Awadh alifungua injini akanionyesha pistoni mbili, kila moja ina alama nyembamba kama ya ukucha. Aliweka gasketi mbili, moja juu ya nyingine, na mbano ukarudi karibu pale ulipokuwa kabla ya zile siku kumi na tisa. Kioo kilirudi kabatini na mikwaruzo yake. Na Mahfudha alitia mshumaa kwenye sanduku la spana.