Majani Mpaka Mlangoni

Jumamosi nilisimama kwenye lango la jirani yangu, nikimtazama fundi akitandaza majani ya plastiki kuzunguka pisini, bwawa jipya la kuogelea, kutoka ukingo wa maji mpaka mlango wa nyumba. Nilitamani kuweka kama hayo kwangu. Ndipo mama yake jirani akafika kutoka Nyunzu, furushi kichwani. Alitazama ndani, akakataa kuingia.

"Papa," aliniuliza kwa sauti ndogo, "wenye nyumba hii walikimbia lini?"

Mwanawe akatokea akicheka. "Mama, niko hapa! Hii njo plastiki, haioti."

Mama akasogea, akayagusa majani kwa kidole cha mguu, akarudisha mguu haraka. "Kwetu, wakati wa vita, majani ikifika ku mulango, njo kusema hakuna muntu tena."

Kicheko kikakatika. Fundi akataka kumtuliza. "Usiogope, Mama. Hata mukiondoka wote, hii itabaki kijani vile vile."

Mwanawe alimshika mkono akamwingiza, naye Mama akakaa kando ya pisini, furushi mapajani. Mpaka jioni hakulifungua.

Hapa Kalemie tunafagia kiwanja mpaka udongo ung'ae, na tunauita usafi. Mimi nilirudi kwangu, nikainama mlangoni, nikang'oa jani moja lililokuwa limeanza kuota.